Maana Yake Nini?

Hakuna swali liulizwalo mara nyingi kuliko hili: Maana yake nini? Mtoto humwuliza mama yake jikoni, mwanafunzi humwuliza mwalimu, na mgeni humwuliza mwenyeji. Sisi Walutheri tumelizoea zaidi ya wengine, kwa sababu katika Katekisimo Ndogo, aliyoitoa Martin Luther mwaka 1529, swali hilo hurudi baada ya kila amri na baada ya kila sehemu ya imani na ya sala. Tena siku hizi mashindano ya chemsha bongo, shuleni na redioni, hutaka watu waseme upesi: neno fulani maana yake nini, mlima mrefu kupita yote ni upi, aliyegundua kitu fulani ni nani. Ajibuye upesi hupigiwa makofi, nasi twasema, Huyu anajua.

Lakini nataka tulitazame neno hilo, "anajua." Je, mtu awezaye kuieleza maana ya neno amekijua kitu chenyewe? Na yule asiyeweza kuieleza, hakijui? Tena, mtu akilieleza neno vibaya, amekosa kama mtoto akosavyo hesabu, au amemkosea mwenzake? Huenda mtu akadhani kwamba haya ni mambo ya wenye vyuo wasio na shamba la kulima. Sivyo. Nitaonyesha ya kuwa katika nchi yetu watu wamekufa kwa ajili ya neno moja lililoelezwa vibaya.

Wazee wetu walisema: Asiyejua maana haambiwi maana. Methali hii hutumiwa kwa kumdharau mjinga, lakini ndani yake mna fumbo gumu. Kama asiyejua haambiwi, ataambiwa nani basi? Ajuaye hana haja ya kuambiwa. Ikiwa ni hivyo, shule zote na zifungwe. Wayunani wa kale walikutana na fumbo hili hili. Plato wa Athene, aliyefariki katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alilijadili katika kitabu chake kiitwacho Meno. Huko mtu mmoja ataka kujua jinsi ya kukitafuta kitu ambacho hatukijui hata kidogo, na jinsi ya kukitambua tukikikuta njiani. Jibu la fumbo hili tusilitafute Uyunani, maana tunalo karibu, katika mlima wetu wa Kilimanjaro.

Mwaka 1848 Johannes Rebmann, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misioni cha Waingereza kiitwacho C.M.S., aliondoka Rabai karibu na Mombasa kwenda nchi ya Wachaga. Kiongozi wa safari alikuwa Bwana Kheri, mtu aliyezijua njia za bara. Tarehe 11 Mei, wakiwa bado mbali, Rebmann aliona juu ya mlima kitu cheupe king'aacho, akadhani ni wingu. Kiongozi wake hakukiita wingu, wala hakukiita fedha. Alikiita "baridi," basi. Rebmann, kwa kuwa alizaliwa katika nchi yenye theluji, akatambua kwamba ile ni theluji. Tena aliandika habari alizozisikia huko Uchagani, ya kwamba watu walipata kukichukua kitu kile cheupe wakidhani ni fedha, na walipokishusha chini waliona kimekuwa maji matupu.

Habari hizi zilipochapishwa London mwaka 1849, walikuwako wenye elimu waliozikataa. Aliyezipinga kuliko wote alikuwa William Desborough Cooley, mtu aliyesoma sana habari za Afrika vitabuni, lakini mlima ule hakuuona kwa macho yake. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1852 alikana ya kuwa kuna theluji mahali pale karibu na Ikweta. Basi fikirini: neno "theluji" katika lugha yake alilijua tangu utoto, na theluji yenyewe huanguka kwao. Kama angaliulizwa maana yake, angalijibu bila kusitasita. Lakini ilipokuwa juu ya Kibo, alisema haipo. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken alipanda mlima ule kupita mita 4,000, akasadikisha maneno ya Rebmann. Mwaka 1871 mmisionari Charles New aliifikia theluji kwa miguu yake. Na mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller wakafika kileleni, mahali panapohesabiwa leo kuwa na urefu wa mita 5,895 juu ya bahari.

Hapa twaona watu wawili. Kiongozi wa msafara hakuwa na neno la kukiita kile kitu, ila alijua jambo moja la kweli juu yake, ya kwamba ni baridi. Akalisema hilo, akakoma hapo. Cooley alikuwa na neno kamili, ila alisema zaidi ya ujuzi wake. Kosa lake halikuwa kutojua, kwa maana kutojua si dhambi, nasi sote hatujui mambo mengi. Kosa lake lilikuwa kuuvuka mpaka wa ujuzi wake na kumkanusha shahidi aliyeona.

Kwa hiyo tusiwadharau watu wasioweza kueleza. Agostino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alipoandika kitabu chake cha Maungamo yapata mwaka 400, alikiri kwamba alilijua vema neno "wakati" mpaka mtu alipomtaka alieleze, hapo alikwama. Huyu alikuwa mwalimu mkubwa wa Kanisa, wala hakuona haya. Mama aliyelea watoto saba hata wakakua, ukimwuliza, Upendo maana yake nini? huenda akanyamaza na kuendelea kuchambua mboga. Usiandike katika daftari lako kwamba hajui.

Na fumbo la methali yetu sasa latatulika. Asiyejua kabisa, asiye na lolote, kweli haambiwi. Lakini mtu wa namna hiyo hayuko. Kila mtu anayo "baridi" yake, yaani jambo dogo alijualo, ambalo mwalimu aweza kulishika kama mkono na kumwongoza mpaka kwenye lile asilolijua. Mtoto wa pwani asiyeona theluji amekwisha kushika barafu ya kunywea maji, tena ameona pamba ikipeperushwa na upepo. Anzia hapo. Luther alijua sana kazi hii. Alipofika katika sala kwenye neno "mkate," hakusema kwamba mkate ni unga uliokandwa na kuokwa. Aliyataja mengi: chakula na kinywaji, nguo, nyumba, shamba, mifugo, watawala wema, amani, afya, na majirani waaminifu. Kwa hiyo mtoto wa Machame alaye ndizi, na mtoto wa Dodoma alaye ugali wa mtama, wote wawili hupata maana, ijapokuwa mkate wa ngano hauonekani nyumbani mwao siku nyingi.

Lakini maana ya neno imekaa wapi? Wengine hudhani kwamba hupatikana kwa kulivunja neno vipande vipande, kama mtu avunjavyo karanga. Njia hii husaidia mara nyingine, na mara nyingine hudanganya. Ukilivunja jina la Kilimanjaro utakuta "kilima," yaani mlima mdogo, na huo ndio mrefu kuliko yote ya Afrika. Ukilivunja neno Jumatano utaona ni siku ya tano, kwa kuhesabu tangu Jumamosi. Na Alhamisi, kwa Kiarabu, nayo ni siku ya tano, kwa kuhesabu tangu Jumapili. Basi juma letu lina siku mbili za tano zinazofuatana, wala hakuna mtu aliyekosa soko kwa sababu hiyo. Wengine watasema maana imo katika kamusi. Kamusi ni kitabu chema, na tangu Frederick Johnson alipotoa mwaka 1935 kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili tumepata faida kubwa. Lakini kamusi hueleza neno kwa maneno mengine, na maneno hayo kwa mengine tena. Asiyejua hata moja hatapata pa kuingilia.

Maana ya neno imekaa katika mapatano ya wasemao. Neno ni kama pishi. Zamani nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, vibaba vinne pishi moja. Na nguo ilipimwa kwa mkono, toka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Pishi si kitu ila chombo cha mti. Nguvu yake yatoka katika kukubaliana kwa muuzaji na mnunuzi. Mwenye kupunguza pishi kwa siri hakuharibu chombo tu, amemwibia jirani yake. Kadhalika abadilishaye maana ya neno katikati ya mapatano. Mtu amkopeshaye mjane akiita "msaada," kisha wakati wa mavuno akaja kuita "deni," na juu yake akataka faida, amempimia kwa pishi mbili. Karani atakaye rushwa haiti rushwa; huiita "chai." Ndani ya chai hiyo hamna majani wala sukari, na maskini aliyekuja kutafuta haki yake hurudi nyumbani na njaa. Jina zuri limewekwa kusudi aibu isionekane, kama mtu afunikavyo kidonda kwa kitambaa safi bila kukiosha.

Yatupasa kuangalia hata maswali tuyaonayo kuwa mepesi. Mara nyingi katika chemsha bongo huulizwa: Ni nani aliyegundua Mlima Kilimanjaro? Na jibu litakiwalo ni Rebmann, 1848. Lakini kugundua maana yake nini? Ikiwa ni kukiona kitu ambacho hakuna aliyekiona kabla, basi jibu si kweli, maana Wachaga walikuwa wakilima migomba katika miteremko yake, na Rebmann mwenyewe aliongozwa na mtu aliyeijua njia. Ikiwa ni kupeleka habari Ulaya kwa maandishi, jibu laweza kusimama. Mtoto afundishwe kusema hivi: Rebmann alikuwa Mzungu wa kwanza ajulikanaye kuandika kwamba ameiona theluji ya mlima huo. Jibu hili ni refu zaidi, wala halimpunguzii Rebmann heshima yake; lakini halimfanyi babu wa mtoto huyo kuwa kipofu aliyekaa chini ya mlima asiuone.

Sasa nafika kwenye neno nililolitaja mwanzo, yaani "mchawi." Katika sehemu za Mwanza na Shinyanga, na mahali pengine pia, wanawake wazee wengi wameuawa kwa miaka mingi kwa sababu jirani zao, na mara nyingine jamaa zao, waliwaita wachawi. Ukiwauliza wanaoshitaki, Mchawi maana yake nini? watajibu, Ni mtu awadhuruye watu kwa siri. Ukiwauliza tena, Mmejuaje kwamba bibi huyu ndiye? watasema, Tazama macho yake, ni mekundu. Hapo angalieni sana jinsi neno linavyogeuzwa. Walianza kwa kusema mchawi ni mwenye kudhuru. Wakaishia kwa kusema mchawi ni mwenye macho mekundu. La kwanza lingewataka walete ushahidi wa madhara, na nani aliyeyatenda, na kwa njia gani. La pili halitaki ushahidi, ila kutazama uso tu. Ndipo wakashika lile jepesi, na kulihukumia kwa uzito wa lile la kwanza.

Macho mekundu ni alama, lakini alama ya nini? Mwanamke aliyepika miaka hamsini kwa kuni, na mahali pasipo miti kwa samadi kavu ya ng'ombe, katika nyumba isiyo na dirisha, macho yake huwa mekundu kwa moshi. Alama ile ni ya kazi yake. Na moshi ule ndio uliokipika chakula walichokila hao hao wanaomshitaki, tangu walipokuwa watoto.

Kiongozi wa Rebmann aliona weupe, akasema "baridi," kwa sababu baridi aliijua. Hawa wameona wekundu, wakasema "mchawi," na uchawi wa bibi yule hawakuuona. Mtu aelezaye neno asimama kama shahidi mbele ya baraza. Katika hesabu yetu ya Kilutheri amri ya kutomshuhudia jirani uongo ni ya nane, na Luther alipoieleza hakuishia kukataza uongo, bali alitufundisha kumtetea jirani na kuyachukua mambo yake kwa upande ulio mwema. Wengi hudhani kwamba amri hii huvunjwa mahakamani tu, mtu akiisha kuapa. Lakini huvunjwa pia kisimani na kilabuni, kwa neno moja tu, pasipo kiapo.

Mtu atasema: Ukifanya maneno kuwa magumu namna hii, hatutaweza kufundisha wala kuhukumu, lazima kila neno liwe na mpaka wake. Ni kweli, nami sikatai mipaka. Shamba lisilo na mpaka huleta ugomvi, na sheria isiyo na maneno yaliyoelezwa wazi huwapa nafasi wenye hila. Lakini yako maneno ambayo mtu hutafuta mpaka wake kusudi apate kutoka nje. Mwanasheria katika Injili ya Luka aliuliza jirani yake ni nani. Swali lake lilikuwa la maana ya neno, tena la halali; ila alitaka kujihesabia haki, apate kujua ni nani awezaye kumpita njiani bila lawama. Yesu hakumpa maelezo ya kukariri. Alimpa habari ya mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, kisha akamrudishia swali likiwa limegeuka: katika wale watatu, ni nani aliyekuwa jirani? Mwanasheria akajibu vema, wala hakuhitaji kamusi. Jibu likawa kazi ya kutenda.

Basi waalimu na wakatekista, pamoja na ninyi wazazi, nawashauri mambo matatu.

Kwanza, mtoto akiwauliza maana ya neno, msimfukuze, wala msimpe neno kubwa la kumnyamazisha. Anzeni na jambo alijualo, mkamwongoze. Na kama hamjui, semeni, Sijui, tutatafuta pamoja. Heshima ya mwalimu haianguki kwa neno hilo. Huanguka siku mtoto atakapogundua kwamba alidanganywa.

Pili, mtoto akiisha kujibu kama kitabu kisemavyo, msipige makofi upesi. Mwulizeni swali la pili: Umeona wapi jambo hili? Akisema kwamba haki ni kumpa kila mtu yaliyo yake, mwambieni awaonyeshe haki hiyo katika kugawa nyama jikoni, au katika mpaka wa shamba la mjane. Siku hizi kijana ana simu mfukoni, nayo humpa jibu kabla hujamaliza kuuliza. Ni msaada mkubwa, wala tusiulaumu. Lakini simu itampa maneno, na mjane yuko shambani kwake. Njia ya kufika huko ni miguu.

Tatu, yapimeni mara mbili maneno yanayohukumu watu: mvivu, mwizi, mgeni, mlevi, mchawi. Kabla neno hilo halijatoka kinywani, jiulizeni: Nimeona kitu chenyewe, au nimeona alama tu? Na alama hii, je, haina maelezo mengine? Huyu aitwaye mvivu, mmemwuliza kama ana homa? Huyu aitwaye mgeni, amekaa kijijini miaka mingapi, na ni nani aliyekataa kumjua? Neno likiisha kutamkwa halirudi, na mtu aliyebandikwa jina baya hulala nalo na kuamka nalo, na watoto wake huitwa kwalo shuleni.

Yule kiongozi wa msafara hakuacha kitabu, wala hakuna mtihani ulioandikwa kutoka katika neno lake. Aliulizwa na macho ya mgeni juu ya kitu asichokuwa na jina lake, akatoa kile alichokijua, wala hakuongeza. Laiti sisi tuliofundishwa shule, tuwapo na maneno mengi kuliko yeye, tungekuwa waaminifu katika hayo kama alivyokuwa yeye katika lile moja.